Haya, Halafu Nukta

Jumapili, 2 Novemba

Siku mbaya. Naanza daftari hili kwa sababu nina jambo la kumwambia mtu, na mtu mwenyewe ndiye jambo.

Haika amepata kazi Moshi. Muuguzi mkuu, wodi ya watoto, dakika kumi kutoka kwa mama yake. Barua pepe imemkuta kwenye treni. Meseji yake imenikuta kwenye basi, narudi Thamesmead kutoka misa ya Kiswahili. Mistari mitatu tu. Ile kazi nimepata. Wanataka jibu Ijumaa, saa kumi ya huku. Wewe unasemaje?

Wewe unasemaje! Mimi! Miaka mitatu nimengoja mwanamke huyu aniulize nasemaje juu ya jambo lolote lililozidi chumvi ya mboga.

Nikaandika: Usiende. Nikalitazama neno hilo vituo vinne. Jeuri. Limesimama pale bila nguo. Nikalifuta. Nikaandika: Hongera. Hilo nalo baridi. Basi nikaongeza kiuso. Si kile cha meno, hapana. Kile cha tabasamu dogo, mdomo umefungwa, macho yanatazama mbele. Nilimaanisha hivi: nafurahi kwa ajili yako, ila moyo wangu umepasuka, na ukiondoka sijui Jumapili nitakaa karibu na nani. Yote yamo mle. Ukitazama vizuri.

Amejibu baada ya dakika arobaini na mbili. Haya. Halafu nukta. Hakuna kiuso.

Naomba nieleze uzito wa jambo hili. Kila Jumapili tukitoka misani tunakunywa chai mgahawa wa karibu na stesheni. Yeye anapanda treni ya Thornton Heath, mimi napanda basi langu. Jioni nauliza: Umefika? :-) Yeye anajibu: Nimefika :) Mimi huweka pua, kwa heshima. Yeye haweki pua, ndivyo alivyo, ana haraka. Jumapili zaidi ya mia na arobaini hajasahau kiuso hicho hata mara moja. Hata ile Jumapili aliyofiwa na mjomba. Leo sikuuliza kama amefika. Naye hakusema.

Haya, nukta. Nakosa usingizi kwa ajili ya neno la herufi nne.


Jumatatu, 3 Novemba

Mimi ni Mhaya wa Bukoba, nshomile, na msomi hakurupuki. Msomi huchambua. Nina shahada ya takwimu. Imetundikwa ukutani juu ya kitanda, inanitazama kila asubuhi nikivaa aproni kwenda kufua mashuka ya nyumba ya wazee.

Nimechora jedwali. Haya ya kwanza: maana yake sawa, nimekubali. Haya ya pili: maana yake aibu. Haya ya tatu: mimi mwenyewe, kabila langu, kwa sababu Haika akinitania huniita Haya wewe, ona Haya anavyojisikia. Na kwa kuwa ameanza kwa herufi kubwa, siwezi kujua kama ni mwanzo wa sentensi au ananitaja.

Nikampelekea Baudouin. Baudouin ndiye mpiga pasi wetu, mtu wa Uvira, na ana sifa ya uzoefu: humtumia kila mtu ua jekundu kila asubuhi. Mwezi wa sita meneja alimwita ofisini kuhusu maua hayo. Akatoka huko akamtumia meneja maua mawili.

Baudouin hakuhitaji jedwali. Kwao, alisema, mtu akikubali husema sawa, au husema bon. Haya ni haya, aibu, hakuna nyingine. Akaweka pasi chini na kunishika bega, akaniita kaka kwa Kiswahili cha kwao.

"Yaya, huyu mama anasikia haya. Anakupendaka, ila mdomo unamushinda."

Moyo wangu ukaruka! Mbona sikuona? Mwanamke anaulizwa... hapana, mwanamke anauliza, anapongezwa, anaona aibu. Imekaa sawasawa kabisa. Mchana kutwa nimekunja mataulo naimba.

Jioni nikamjibu, aibu kwa aibu. Kile kiuso chenye mashavu mekundu, macho yanatazama pembeni. Maneno sikuweka. Maneno yangeharibu.

Akajibu kwa alama ya kuuliza. Peke yake. Baudouin, kwa simu, anasema ni maendeleo: jana ilikuwa nukta, leo nukta ina kitu juu yake.


Jumanne, 4 Novemba

Humphrey!

Kila jambo jema maishani mwangu lina Humphrey pembeni. Mchagga wa Machame, kijiji kimoja na akina Haika, anafanya kazi ofisi ya kuvaa tai. Ana gari. Ana sauti ya mtangazaji wa redio, na anajua anayo. Humphrey haandiki meseji kama watu. Hutuma ujumbe wa sauti.

Haika ameniandikia mchana kwamba Humphrey amemtumia ujumbe wa dakika nne kuhusu habari ya Moshi. Dakika nne! Hata padri wetu hafiki nne bila kukohoa. Halafu akaongeza: angalau yeye amesema wazi anachofikiri.

Sijui kwa nini ananiambia habari za Humphrey. Labda alitaka nicheke naye. Nikatuma kiuso cha kucheka.

Lakini nimeamka. Nimeona silaha yangu. Humphrey ana sauti, ila Humphrey hajui kuchemsha hata yai. Mimi napika ndizi. Na ndizi ndicho kitu pekee mimi na Haika tunachogombana kwa raha: yeye anasema mtori wa kwao ndio mfalme wa ndizi zote duniani, mimi namwambia mtori ni uji uliopotea njia. Anapokasirika kwa uongo, ananinyooshea kijiko. Nampenda anaponinyooshea kijiko. Sijawahi kuandika hilo mahali popote. Haya, nimeliandika.

Mpango: nimwalike Jumapili kwangu, nimpikie ndizi za kwetu. Akishiba atajua mahali pake ni hapa. Mwaliko wenyewe uwe na fumbo kidogo, uwe na utu uzima. Kwa hiyo, emoji tupu. Nikaweka ndizi. Ndizi. Ndizi. Chungu cha moto. Kiuso kinachojilamba midomo.

Kwenye simu kuna ndizi mbivu tu. Ndizi mbichi hakuna. Dunia nzima imekaa ikatengeneza picha ya kila kitu, mpaka ya chupi, halafu imesahau chakula cha Kagera.

Nimetuma saa sita na nusu. Mpaka naandika hapa, kimya.


Jumatano, 5 Novemba

Nimepatwa.

Jana Haika alikuwa mapumzikoni kazini. Simu yake ilikuwa mezani, kioo juu. Pembeni yake alikaa Bi Lata, muuguzi mwenzake, mzaliwa wa Nairobi, mkazi wa Southall, bibi wa wajukuu watano. Ndizi zangu zilifika kwa Bi Lata kabla hazijafika kwa Haika. Chai, naambiwa, ilifika ukutani.

Asubuhi nikapata meseji kutoka namba nisiyoijua. Ninainakili hapa kama ilivyo ili nijiadhibu.

"Wewe bwana, ndizi tatu na ulimi, hii ni maneno gani? Mimi ni mama ya watu. Kama wewe napenda Haika, sema kwa mdomo kama mwanaume. Wacha matunda. Mimi Lata."

Nikampelekea Baudouin. Akasoma. Akaangua kicheko akakaa juu ya kapu la mashuka. Kisha akanieleza maana ya ndizi mjini humu, ile ya chini ya mkanda, kwa sauti, mbele ya mashati yote. Miaka kumi na moja nipo London. Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Na mwezi wa nane mwenyekiti wa kwaya alipotimiza miaka sabini nilimtumia mkungu mzima! Ndiyo maana amehamia benchi la nyuma.

Nikamwandikia Bi Lata kujitetea. Kiuso cha malaika, kile chenye duara kichwani. Hajajibu. Baudouin anasema baada ya ndizi tatu malaika hasaidii, anatia hofu zaidi.

Saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, fataki za sikukuu ya Waingereza zinalia upande wa mto, ndipo Haika akaandika. Lata nusura aite polisi. Na chini yake, kiuso cha kucheka mpaka machozi. Vitatu.

Amecheka! Nimekaa kitandani na koti langu nikavitazama vile viuso vitatu. Nakijua kicheko chake. Kinaanzia puani, anakizuia, anashindwa, halafu anashika meza. Kwa muda ule nilikisikia kabisa, chumba kikajaa. Kisha simu ikazimika taa, nikabaki na fataki za watu.

Nikataka kumtumia fataki. Nikaogopa. Sijui nayo ina maana gani huku.


Alhamisi, 6 Novemba

Kesho ndiyo Ijumaa.

Leo Bi Mwanabaraka ameingilia kati. Ndiye msimamizi wa chumba chetu cha kufulia, mtu wa Unguja, umri wa mama yangu mdogo, hazungumzi sana kazini kwa sababu anasema mashine zinatosha. Nilikuwa nimemwonyesha Baudouin jedwali jipya, safu sita sasa, tukibishana kama nukta baada ya Haya ni ya kawaida au ya hasira. Bi Mwanabaraka akalichukua jedwali, akalitazama mbele na nyuma, akaliweka kwenye kapu la nguo chafu.

Akaniuliza huyo bibie alilisema vipi hilo neno. Nikamwambia hakulisema, aliliandika. Akasikitika kweli kweli. Akasema kumbe hata hatujui ni haya ipi.

Kisha akasimama na taulo mkononi akatufundisha. Haya ya kukubali, fupi. Haya ya kumhimiza mtoto avae viatu. Haya ya kumkaribisha mgeni, ndefu, inapanda. Haya ya kustaajabu, unaiburuta mpaka mwisho wa chumba. Haya ya tano, ya kufunga mazungumzo, inashuka taratibu na haipandi tena. Ya sita ya kutishia. Ya saba hakutaka kuisema, alisema hiyo ni ya mume na mke. Neno moja! Nilisimama nikaona shahada yangu yote haina safu ya kuweka sauti.

"Haya ni neno la masikio, mwanangu," akasema. "Usimchoree. Msemeshe."

Nimekubaliana naye kabisa. Kabisa! Sauti. Humphrey alikuwa mbele yangu kwa sababu hiyo tu. Nikaamua pale pale: nitamtumia Haika ujumbe wa sauti.

Bi Mwanabaraka akasema alimaanisha nipige simu. Nikamwambia simu ni ya ghafla mno, mtu hawezi kusahihisha.

Nikaingia nyuma ya mashine kubwa. Nikarekodi. Haika, mimi ni Telesphor... anajua. Nikafuta. Haika, kuhusu suala lako... kama barua ya benki. Nikafuta. Nilirekodi mara kumi na nne. Ya kumi na nne ilikuwa nzuri. Sauti ilitetemeka mahali panapofaa. Nilisema kila kitu. Nilisema hata kuhusu kijiko. Nikabonyeza.

Kumbe nimefuta ya kumi na nne. Nikatuma ya kumi na tatu. Ya kumi na tatu ndiyo ile niliyobonyeza nikakosa la kusema. Sekunde arobaini na nane za mashine ya kufulia.

Haika amejibu kwamba amesikiliza mara mbili. Mashine imemaliza kusuuza, ameandika. Wewe je?

Nikamtumia dole gumba. Sijui kwa nini. Lilikuwa la kwanza pale.


Ijumaa, 7 Novemba

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimekwenda mwenyewe. Basi, treni, treni tena, mpaka Thornton Heath. Nilivaa koti la misa. Simu niliiweka mfuko wa ndani na kufunga zipu, ili nisije nikashawishika.

Nikamkuta barabara kuu, karibu na mnara wa saa, anatoka dukani na mfuko. Leo alikuwa mapumziko. Saa ya mnara ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi. Hakushangaa kuniona. Akaangalia koti, akaangalia viatu, akanyoosha mkono akaniwekea sawa kola, kama anavyofanya kila Jumapili. Mfukoni mwake mlikuwa na ndizi mbichi. Akaona nimeziona. Akaanza kucheka puani, akazuia, akashindwa, na kwa kuwa hapakuwa na meza akashika mkono wangu.

Ningekufa pale ningekufa tajiri.

Akauacha mkono.

"Telesphor," akasema. "Kule wananisubiri. Mama ananisubiri. Wewe niambie neno moja tu, kwa mdomo wako. Niende, nisiende?"

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa pale, nyuma ya meno, neno lile lile la kwenye basi. Nataka niwe mkweli katika daftari hili maana hakuna mwingine wa kulisoma. Niliogopa. Emoji ikikataliwa unasema ulikuwa unatania. Ina mlango wa nyuma. Neno la mdomo halina mlango wa nyuma. Ukimwambia mtu usiende, naye akaenda, utaishi na neno hilo nyumba moja mpaka uzeeni.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Haya."

Akangoja. Basi likapita, la pili likapita.

"Haya nini?"

Nikasema haya, atakavyoona yeye.

Akainua macho akatazama saa ya mnara. Kisha akasema, "Haya."

Na safari hii niliisikia. Sikuhitaji jedwali. Ilishuka taratibu, haikupanda tena. Ya tano.

Akatoa simu, akaandika mbele yangu, kidole kimoja, hakuchukua hata dakika. Akairudisha mkobani. Akafungua mfuko wa duka akanipa ndizi mbili, akasema zangu hizo, nisipeleke kwa Lata. Nikasema asante. Nikarudi nazo treni mbili na basi moja zikiwa mapajani, na watu wakanitazama, na kwa mara ya kwanza nilijua wanawaza nini.


Jumapili, 9 Novemba

Misa. Alikuwa amenishikia kiti kama siku zote, mkoba wake juu yake. Nilipofika aliuondoa bila kutazama, anajua hatua zangu. Nimekaa mahali pa ule mkoba miaka mitatu sijawahi kumwambia kwamba nikiwa njiani wiki nzima ndicho kiti ninachokiendea.

Kwenye chai amesema ndege ni tarehe thelathini. Kazini huku alikuwa wa kuitwa tu, hana notisi ndefu. Humphrey atambebea mizigo kwa gari. Nikasema Humphrey ni mtu mwema. Nilipaliwa.

Alinyoosha kijiko mara moja tu, na hakukuwa na ubishi wowote. Alikuwa anaonyesha treni yake imefika.

Jioni nikaandika: Umefika? :-)

Nimefika :)

Kiuso kimerudi! Nimefurahi, kisha nimelia kidogo. Si sana. Jumapili zimebaki mbili kabla ya ile ya ndege, na viuso viwili.


Jumapili, 30 Novemba

Nimekwenda Heathrow. Treni ya Elizabeth line kutoka Abbey Wood, mwanzo wa njia mpaka mwisho, bila kubadilisha. Nilikuwa na maneno matatu. Usiende. Nakupenda. Usiende. Nilifanya mazoezi kwa sauti ndogo toka Woolwich. Abiria wa pembeni alihamia behewa jingine. Tulipopita Southall nilikuwa nayasema bila kutetemeka. Nilimwinamishia kichwa Bi Lata, popote alipo.

Nilimwona mara moja. Kitambaa cha kijani, masanduku mawili, Humphrey anasukuma toroli. Na Humphrey alikuwa analia! Hadharani, kwa sauti ile ile ya redio, watu wanageuka. Haika anampigapiga mgongoni kama mtoto.

Sikuweza kusema maneno yangu mbele ya kilio cha Humphrey. Nikasimama nyuma ya nguzo. Nitangoja amalize. Hakumaliza. Haika akaanza kusogea kwenye mlango wa ukaguzi, na mimi niko hatua thelathini nyuma yake. Ningeweza kumwita. Jina lake ni fupi, halihitaji pumzi. Lakini mahali pale pana mwangwi.

Nikatoa simu. Nikamtumia mkono unaopunga. Nilimaanisha: geuka, niko hapa, nyuma ya nguzo, njoo.

Akasimama. Akatoa simu. Nikamwona mgongo wake ukiisoma. Akaandika kitu, akaiweka mkobani, akaingia.

Simu yangu ikatetemeka. Mkono unaopunga.

Mkono ule ule. Nimeilinganisha kwenye basi, wangu juu, wake chini, hakuna tofauti hata ya ukucha. Wangu unasema geuka. Wake unasema kwaheri.

Humphrey akanikuta pale nguzoni, anafuta uso. Amenipa kiti garini mpaka Woolwich, na njiani nimejua mambo niliyopaswa kuyajua mapema. Humphrey anaoa Pasaka, mwalimu wa Arusha, mipango yote tayari. Haika kwake ni dada, bibi zao walichota maji mfereji mmoja. Nikamuuliza basi zile dakika nne zilikuwa za nini. Akasema alimwambia Haika hivi: kazi ni nzuri, ila kama kuna mtu huku atakayekuambia baki, baki.

Akaniuliza, akitazama barabara, kama kuna mtu alimwambia. Nikamwambia nilimtumia meseji.

Humphrey hakusema kitu. Ni mara ya kwanza namsikia Humphrey hasemi kitu.


Jumanne, 2 Desemba

Juzi jioni niliandika Umefika? :-) kwa mazoea, nikijua yuko angani. Tiki moja tu, ya kijivu. Nimekwenda kazini, nimerudi. Jana hivyo hivyo. Nimekula zile ndizi zake mbili zamani, ila maganda bado yako kwenye sahani, yamekuwa meusi. Sijui nayasubirisha nini.

Namkumbuka. Naandika waziwazi, hapa panaruhusu. Nilipita mgahawa wa stesheni, mhudumu akaleta vikombe viwili bila kuuliza. Nikanywa vyote.

Leo saa kumi na mbili jioni, tiki mbili. Za bluu! Kisha akaandika.

Nimefika. Nukta. Hakuna kiuso.

Nikaketi. Nikaenda kuchukua rula, nikaanza jedwali la Nimefika. Sijamaliza safu ya pili, ikaja ya pili. Anasema kwenye foleni ya ukaguzi aligeuka mara tatu kabla mkono wangu haujafika.

Ikaja ya tatu. Nainakili kwa herufi zangu nzuri.

"Ungesema usiende nisingeondoka. Bado unaweza kusema."

Bado! Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nimeisoma nikiwa nimekaa. Mungu ni mwema kuliko akili zangu. Safari hii sitakosea, nimejifunza. Ndizi hapana. Malaika hapana. Mkono hapana kabisa. Dole gumba nimelikata kwa kalamu nyekundu. Kiuso cha moyo kwenye macho kina papara, cha machozi kina mkosi, cha kumbatio kina mikono ambayo haieleweki inakuja au inafukuza. Nikabakiza viwili. Chenye pua na kisicho na pua. Kisicho na pua ni chake, nikikitumia ataona nimemwigiza. Chenye pua ni changu, ila je, baada ya miaka mitatu, heshima haitaonekana baridi?

Nilikuwa katikati ya hesabu hiyo simu ikaita.

Haika. Picha yake, ile ya kijiko, ikajaa kioo kizima, ikafunika kibodi yote. Nikashindwa kuona nilikuwa nimeweka kidole wapi. Ikaita, ikaita. Nikashikilia simu kwa mikono miwili nikaingoja iishe, taratibu, nisije nikabonyeza kitu kwa bahati mbaya nikaharibu. Ikaisha. Picha ikaondoka, kibodi ikarudi.

Nimetuma chenye pua. Ataelewa.